Ningu Mmoja Ndani ya Beseni

Mama yangu alipoiona barua ya uhamisho aliniuliza swali moja: "Kisumu kuna bahari gani?"

Sikuwa na jibu la kumridhisha. Nilizaliwa Gazi, pwani ya kusini, katika nyumba ambayo malema, mitego ya samaki iliyosukwa, yalikuwa yakiegemezwa ukutani msimu mzima. Baba alikuwa mvuvi. Aliyasoma maji bila kalamu: bamvua, maji mafu, kusi, kaskazi. Mimi nikapelekwa shule, nikasomea sayansi ya bahari, na kwa miaka kadhaa kazi yangu ikawa kuwapima tafi, changu na pono wanaoishi kwenye matumbawe, na kuandika.

Kazi niliyoipenda kuliko zote kule nyumbani ilikuwa ya malema yenye mlango wa kutokea. Lema la kawaida likishameza samaki halimtoi, awe mkubwa au mchanga. Lakini ukiacha pembeni mwanya mwembamba wa sentimita 3, wachanga na wembamba wa mwili hupenya wakaenda zao, na mvuvi akabaki na wale wenye bei. Tim McClanahan na watafiti wenzake waliujaribu mwanya huo na wavuvi wa pwani yetu, na mwanzoni wavuvi walihofia watarudi mikono mitupu. Baba naye alikataa. Kisha akakubali kuutoboa kwenye lema moja tu. Kila jioni alilimwaga lile peke yake pembeni, akalitazama, akanyamaza. Baada ya miezi miwili alitoboa yote, na hakuwahi kuniambia kwa nini. Nilidhani nimemshawishi kwa takwimu zangu. Ilinichukua miaka mingi na safari ya upande wa pili wa nchi kuelewa kwamba takwimu zangu hazikuhusika hata kidogo. Alijishawishi mwenyewe, kwa lema lake.

Ziwa Victoria lina kilomita za mraba zipatazo 68,800, na Kenya ina asilimia 6 tu ya eneo hilo. Sehemu nyingine ni ya Tanzania na Uganda. Kisumu iko ndani kabisa ya Ghuba ya Winam, maji ya kina kifupi, yenye rangi ya chai iliyotiwa maziwa mvua zinaponyesha na mito Nyando na Sondu Miriu kuleta udongo wa milimani. Hakuna kupwa wala kujaa. Kuna upepo wa usiku unaotoka nchi kavu na kuwasukuma wavuvi kwenda ndani, na upepo wa mchana unaowarudisha. Nilifika ufuo wa Dunga nikiwa na ubao wa kupimia, mizani, daftari lisiloingia maji, na imani kwamba samaki ni samaki.

Majina nilijifunza upesi. Sangara hapa ni mbuta. Dagaa ni omena. Ngege ni jamii ya perege, fulu ni wale wadogo wa rangi nyingi, mumi ni kambare. Na kamongo. Na mmoja ambaye niliandikiwa tu jina lake kwenye orodha ya kazi, na mwaka mzima ukapita pasipo kuandika kitu mbele yake: ningu.

Jambo la kwanza nililojifunza liliniuma, na bado linaniuma.

Katika miezi yangu ya mwanzo kulikuwa na msako wa nyavu haramu kwenye ufuo mmoja ambao sitautaja. Sheria inajulikana: wavu wa kutega usipungue tundu la inchi 5, na nyavu za uzi mmoja wa plastiki haziruhusiwi kabisa. Niliombwa niende kuthibitisha vipimo. Nikaona ni kazi ya kawaida ya kisayansi. Nikashika kipimo, nikanyoosha tundu la wavu wa kwanza, nikasoma: inchi 3. Wa pili: inchi 2 na nusu. Nikasema kwa sauti ili yaandikwe. Nyavu zikarundikwa, zikamwagiwa petroli, zikawashwa. Plastiki inapoungua hutoa moshi mweusi unaokaa kooni siku nzima. Mwanamke mmoja wa makamo alichutama mbali kidogo na moto, hakulia, hakutukana mtu. Alikuwa akiutazama ule moshi tu.

Mzee mwenye mtumbwi, ambaye baadaye alikuja kuwa mwalimu wangu, ndiye aliyeniambia wiki iliyofuata. Ule wavu wa inchi 3 haukuwa wa mvuvi. Ulikuwa wa yule mama. Alikuwa amekopa kwenye chama chake akaununua na kumpa kijana avue, ili kila asubuhi apate samaki wa kuuza kwa haki ya wavu wake. Kwa nini alitaka wavu wake mwenyewe? Mzee alisita kidogo, kisha akalitaja neno ambalo kila mtu ufuoni analijua na watu wachache hulisema mbele ya mgeni: jaboya. Mwanamke asiye na chombo wala wavu, samaki wanapokuwa haba, hulazimika kuwa na mvuvi wake, na bei ya samaki haiwi ya pesa peke yake. Wavu ule wa inchi 3 ulikuwa ndio ukuta wake.

Nilikuwa nimepima tundu. Sikuwa nimeuliza wavu ni wa nani.

Sisemi wavu ule ulikuwa halali. Haukuwa, na ulivua mbuta wachanga ambao hawajazaa hata mara moja. Nimewashika mkononi, najua. Lakini nilirudi nyumbani siku ile nikijua kwamba sheria niliyoisimamia ilitoza ada, na ada yote ililipwa na mtu mmoja aliyekuwa na kidogo kuliko wote ufuoni. Aliyeuza nyavu zile dukani hakuguswa. Tangu hapo daftari langu lina safu ambayo hakuna mtu aliniagiza niiweke: mwenye chombo, mwenye wavu, aliyekopesha, anayenunua. Wenzangu wengine waliona napoteza muda. Mimi naona ndiyo safu inayonieleza zaidi kuliko ile ya sentimita.

Yule mzee tulianza kuzungumza kweli tulipofika kwenye inchi 5. Nilimwambia kwamba kipimo hicho si cha jana. Nyavu za kutega zililetwa katika ghuba hii mwaka 1905, na zilipata samaki wengi kuliko mitego yote ya wenyeji, zile nyuzio za matete na vikapu, ambazo nilipozisikia zikielezwa nilikumbuka uzio wa kwetu pwani. Mwaka 1927 na 1928 Mwingereza mmoja, Michael Graham, alilizunguka ziwa akipima, akakuta ngege wanapungua kwenye nyavu, akapendekeza tundu lisiwe chini ya inchi 5. Ikawa sheria. Baadaye ikaondolewa, tundu likapungua, na ngege wa asili wa ziwa hili akatoweka karibu kabisa. Ngege anayeuzwa leo Kisumu mara nyingi ni wa aina nyingine, aliyeletwa kutoka kwingine katika miaka ya 1950.

Mzee alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema: "Daktari, tangu enzi za baba yangu mnatuambia inchi 5, inchi 5. Na leo ndiyo mara ya kwanza mtu ananiambia kwa nini."

Basi tukaanza kupasua samaki. Hili ndilo ningependa kila kijana anayeingia kazi hii alifanye mapema kuliko mimi. Badala ya kuchukua samaki kwenda naye maabara, nilianza kuwapasua pale pale ufuoni, juu ya meza ya mbao, watu wakiwa wamenizunguka. Mbuta jike wa sentimita 45: tumbo jembamba, ovari kama uzi, hajawahi kuzaa. Wa sentimita 90: mayai yaliyojaa mikono miwili, mamilioni, rangi ya ugali wa wimbi uliochanganywa na mahindi. Hapo ndipo kile kipimo cha sentimita 50 hadi 85, ambacho nchi tatu zilikubaliana, kinapata mwili. Chini ya 50 ni mtoto. Juu ya 85 ni mama mwenye ghala, na ukimwacha mmoja umeacha mamilioni. Kijana mmoja aliyesimama nyuma alikwenda kimya akamtazama tena yule wa 45. "Hawa ndio ninaowapeleka kila siku," alisema. Hakukuwa na haja ya mimi kuongeza neno.

Kisha tulifungua kinywa cha ngege jike. Mayai na vifaranga hukaa humo, mama hali chakula hadi wanapoweza kujitegemea. Wavuvi hili walilijua tangu utoto; wao ndio walionionyesha mahali wanapofanyia hivyo, penye mafunjo, mwezi kwa mwezi, upepo kwa upepo. Ramani ya mazalia niliyokuja nayo kutoka ofisini ilikuwa na duara moja kubwa upande wa Dunga. Ramani tuliyoichora na wazee kwa kijiti kwenye mchanga ilikuwa na sehemu saba, na mbili kati yake hazikuwa hata karibu na lile duara. Mzee mwingine alinieleza tofauti yetu kwa maneno ambayo nimeyabeba kila mahali: "Wewe unampima samaki aliyekwisha kufa. Mimi namjua alipokuwa hai."

Lakini walionibadilisha zaidi ni akina mama wa omena.

Omena ni samaki mdogo kuliko kidole, na siku hizi kwa uzani ndiye anayevuliwa kwa wingi kuliko wote ziwani. Huvuliwa usiku wa giza, mwezi ukiwa haupo, kwa taa zinazoelea. Zamani zilikuwa karabai. Siku hizi nyingi ni za sola, na ukisimama ufuoni usiku utadhani kuna mji mwingine juu ya maji. Omena hukua haraka na kuzaa kabla ya kutimiza mwaka, kwa hiyo huvumilia uvuvi kuliko mbuta. Hata hivyo Kenya imeweka miezi ya kumpumzisha, tangu Aprili hadi mwisho wa Julai, na tundu la wavu wake lisiwe chini ya milimita 10.

Nilikwenda kwenye mkutano wa ufuo kueleza miezi hiyo minne. Kila ufuo una kikundi chake cha usimamizi, ambacho wote wanakiita BMU, kilichopewa nguvu na kanuni za mwaka 2007, na humo lazima wawemo wenye vyombo, vibarua na wachuuzi. Nilikuwa na chati nzuri. Mama mmoja, mchuuzi wa siku nyingi, aliinuka akasema kwa upole sana: "Mwanangu, ninyi mnahesabu wanaotoka majini. Wanaooza nani anawahesabu?"

Sikuwa na hesabu. Hakuna safu yangu iliyokuwa na samaki waliooza.

Akanialika nikae naye. Nilikaa wiki mbili, saa 11 alfajiri hadi jua linapozama. Omena hushushwa kwa karai, akina mama wanawatandaza juu ya nyavu kuukuu chini mchangani. Jua likiwaka, hukauka siku moja, wakang'aa kama shilingi mpya, wakauzwa kwa chakula cha watu. Mvua ikinyesha saa 8, imekwisha. Wanageuka wekundu, wananuka, wanaingia mchanga, na anayebaki kuwanunua ni mtu wa chakula cha kuku, kwa bei anayoitaka yeye. Mama anayepoteza nusu ya gunia leo, kesho atamwomba mvuvi amletee mara mbili ili alipe deni. Mvuvi naye atashusha wavu mara mbili. Nikaona mbele ya macho yangu mvua ya mchana ikivua samaki.

Miaka yote nilikuwa nikitafuta namna ya kupunguza wanaovuliwa kwa kuminya wavu, na hapa palikuwa na njia nyingine wazi kabisa: aliyekwisha vuliwa asipotee. Tulijenga vichanja, mbao na wavu kiunoni mwa mtu, na turubai la kufunika. Si uvumbuzi, watu wengi wamevijenga katika maziwa mengine. Kichanja kinakausha upesi kwa sababu hewa inapita juu na chini, na mchanga haufiki. Ufuo ule ulikuwa na vichanja viwili, vikawa sita, vitatu vikavunjika, vikajengwa tena kwa fedha za akina mama wenyewe. Hapo ndipo mazungumzo ya miezi minne yalipobadilika, kwa sababu mwenye gunia kavu ndani anaweza kungoja wiki tatu. Asiye nalo hawezi kungoja siku mbili, hata umwonyeshe chati ya namna gani.

Sitaki mtu asome haya akadhani ghuba imepona. Bado kuna usiku ambao juya, ule wavu mrefu wa kukokota, linapitishwa kwenye mazalia. Bado gugu maji linakuja na kuondoka. Mwaka 1998 lilifunika upande wa Kenya hekta zipatazo 17,000, kisha fukusi walioletwa kulitafuna na mawimbi vikalipunguza, na likarudi tena, kwa sababu mbolea na majitaka bado vinalilisha. Mwaka 2020 maji yalipanda kupita hata alama ya mwaka 1964, vibanda vya samaki vikazama, na jamaa zangu wa pwani wakanipigia simu wakidhani ziwa linamwagika. Niliwahi kuamka nikakuta vizimba vya kufugia ngege ziwani vimejaa matumbo meupe kutoka pembe hadi pembe, maji yasiyo na hewa yamepanda usiku kutoka chini, na mwenye vizimba ameketi kwenye jiwe akiwa na kikombe cha chai ambacho hajakinywa. Jirani zake walisema mara moja ni sumu. Nilipima hewa ya maji mbele yao, nikawaonyesha namba, na tukakubaliana kwamba mahali pale pana utulivu mno kwa vizimba vingi kiasi kile.

Na kuna fulu. Hili linanihuzunisha kwa namna ya pekee kwa sababu nimetoka kwenye matumbawe, najua samaki wengi wa rangi wanavyofanana na bustani. Ziwa hili lilikuwa na aina za fulu ambazo wataalamu wanakadiria zilizidi 500, na huenda 200 hivi zimetoweka ndani ya maisha ya mtu mmoja. Mbuta aliwala baada ya kuletwa katika miaka ya 1950 na kulipuka kwa wingi katika miaka ya 1980. Ila hakufanya kazi peke yake. Mwaka 1997 Ole Seehausen na wenzake walieleza kwamba fulu jike humchagua dume kwa rangi yake, na maji yakiwa machafu rangi hazionekani, aina zikachanganyika zikapotea pasipo kuliwa na yeyote. Kila ninapozamisha majini sahani yangu nyeupe ya kupimia uwazi wa maji na kuipoteza machoni kabla haijafika mita moja, nafikiria jike mmoja chini pale, anatafuta bluu na haioni. Udongo ule umetoka kwenye shamba la mtu aliye mbali na ziwa, ambaye hajawahi kula fulu. Ndiyo maana siku hizi nakubali mialiko ya kwenda kuzungumza na wakulima wa juu ya Nyando, ingawa hakuna samaki wa kupima huko.

Ningu nilimsahau kwa muda. Wazee walinisimulia: mvua kubwa ikinyesha na mito ikifurika, ningu walikuwa wakipanda mtoni kwenda kuzaa, wengi hivi kwamba watoto waliwaokota kwa vikapu. Walimla siku ya wageni. Kisha nyavu za kutega zikawekwa kwenye midomo ya mito, hasa wakati ule ule wa kupanda, na samaki aliyebeba mayai akakutana na ukuta mlangoni pa chumba cha kujifungulia. Haikuchukua miaka mingi. Mzee wangu aliniambia kwamba alipokuwa kijana yeye mwenyewe alitega pale. "Hatukujua," alisema, na baada ya kimya kirefu akajirekebisha: "Tulijua. Tulidhani wengine wataacha."

Aprili iliyopita, mvua ikiwa imenyesha usiku kucha, alinipigia simu saa 12 asubuhi. Nije upesi, nisilete kisu. Nilimkuta nyuma ya nyumba yake ameinamia beseni la bluu la kufulia, na yule mama mchuuzi wa omena yuko naye, na wajukuu kama watano hivi wamepanga duara wamekatazwa kugusa. Ndani ya beseni alikuwepo ningu mmoja, anapumua, midomo yake minene ikifunguka na kufunga. Alikuwa amenaswa kwa pezi tu kwenye wavu wa inchi 5 wa mzee, karibu na mdomo wa mto, na mzee alimleta akiwa hai, akibadilisha maji njia nzima kwa kopo.

Nililowesha ubao kwanza ili usimchubue. Mjukuu mmoja wa kike, wa darasa la nne labda, ndiye aliyesoma namba kwa sababu mikono yangu ilikuwa imemshika. "Ishirini na tatu," alisema, kisha akainama zaidi. "Na nusu." Tumbo lilikuwa limejaa. Mzee aliuliza kama ni jike. Nikamwambia ni jike.

Mama akachukua upande mmoja wa beseni, mzee akachukua mwingine, na tukaanza kutembea kuelekea mtoni, taratibu, ili maji yasimwagike.